Uwanja Mweupe kwenye Ramani ya Mpemba

Jenista Kasiani Silwimba, mke wa mwanangu Lusajo, ni binti wa Kasiani Silwimba, aliyewabebea Wachina vigingi vya reli kutoka Mpemba hadi mpakani bila kupoteza hata kimoja. Kasiani naye ni mtoto wa Timotheo Silwimba, ambaye Mwingereza alikuwa akimwita kila kiangazi kufyeka njia ya mpaka na kuyapaka chokaa mawe yake, mpaka akayajua mawe yale kuliko walioyapanda. Huyo Timotheo alikuwa na dada yake kule Nakonde, upande wa Zambia, na akitaka kumsalimu alivuka mpaka alioufyeka kwa panga lake mwenyewe. Jenista akafuata kazi hiyohiyo ya mipaka. Alikuwa msichana wa kwanza kutoka mtaa wao kwenda Tabora kusomea uchoraji wa ramani, akarudi na cheti, na katika ramani za vijiji vya huku mpakani zilizowekwa kwenye intaneti hakuna kijiji ambacho hakukichora kwa mkono wake.

Naandika habari zake angali hai, kwa sababu Mpemba yamesemwa mengi, mpaka kwenye ngazi za kanisa. Walisema alighushi ramani ili atuokolee shamba sisi wakwe zake. Hakughushi. Kosa alilifanya, moja, nami nitalisema lilivyo, hata pale linaponigusa mimi. Shamba lenyewe lilikuwa kati ya barabara kuu na reli. Lilikuwa na makaburi tisa: la mume wangu Mzee Asangalwisye Kibona, la mama yake, ya wanangu wawili waliokufa kwa surua mwaka 1978, na ya ndugu wengine wa ukoo. Tulichotaka ni kimoja tu, waachwe walale pale walipolala.

Sisi ni Wandali wa Isongole. Tulihamia Mpemba mwaka 1971, reli inajengwa. Jenista ni Mnamwanga. Alipoolewa, mwaka 1999, mume wangu alikuwa ameshafariki miaka mitatu, hata sura yake hakuijua ila kwenye picha ya kitambulisho. Kwetu mke wa mtoto hataji jina la baba mkwe. Hamwangalii usoni, hakai alipokaa, na jina lake halipiti mdomoni mwake, wala halitoki kwenye kalamu yake. Watu wa mjini walisema mzee keshakufa, msamehe binti wa watu. Nikamwambia Jenista mbele yao, "Kufa kwa mtu hakuondoi heshima yake."

Akajibu, "Nimesikia, mama. Nitashika."

Akashika kuliko Wandali wenyewe. Kanisani alikuwa na sauti nzuri ya kusoma, wakampa kazi ya kusoma majina ya marehemu mwezi Novemba. Akifika kwenye jina la mkwewe anasimama. Mimi kutoka kwenye benchi langu nalitaja kwa sauti, Asangalwisye Kibona, yeye anaendelea na linalofuata. Mwaka wa kwanza vijana walicheka. Wa pili wakazoea. Mimi, sisemi uongo, nilikuwa naingoja Novemba hiyo mwaka mzima.

Kazi ya ramani kwenye intaneti ilianza 2011. Kulikuwa na mradi wa wafadhili, wakapanga vyumba viwili Tunduma nyuma ya ofisi za wakala wa forodha, wakaleta kompyuta nne na jenereta. Bosi wao alikuwa mtaalamu kutoka Dar, kijana mpole, kila wakati simu sikioni. Jenista akaajiriwa kama mchoraji. Siku moja nilimpelekea chakula, nikamkuta anasogeza ramani kwenye kioo na kidude chake cha mkononi. Kila akisogeza, pembeni zinatokea sehemu tupu, kisha zinajaa vipande vya mraba, kimoja kimoja, kama mtu anayebandika vigae ukutani.

Nikamuuliza, "Inajichora yenyewe?"

"Haichori, mama. Imeshachorwa. Unamjua yule mama lishe wa pale maegesho ya malori? Akipika wali mteja akiwa amekaa, dereva ataondoka na njaa. Kwa hiyo anapika alfajiri, mteja akija anapakua tu. Na sisi hivyohivyo. Intaneti ya Tunduma ni ya kukohoa. Tukiiambia kompyuta imchoree mtu ramani pale anapoiomba, atangoja mpaka alale. Kwa hiyo tunazipika picha zote mapema, tunazikata vipande, tunazipanga kwenye seva. Mtu akifungua, anapakuliwa vipande vyake."

"Vipande vingapi?"

"Ukiwa mbali, mkoa wote wa Mbeya ni kipande kimoja. Ukisogea hatua moja, kile kimoja kinakuwa vinne. Ukisogea tena, kila kimoja vinne vingine. Mpaka uone kibanda na choo chake, tumefika malaki."

"Na mtu akijenga nyumba baada ya kupika?"

Akacheka. "Hapo anakula kiporo, mama. Mpaka tupike upya."

Nami nilicheka. Nililiona ni jambo la kuchekesha.

Sasa nieleze lile kosa. Vijana wa mradi walizunguka vijijini na vimashine vya setilaiti, wanapita mipaka ya kila shamba na kila makaburi, kisha wanauliza hapa ni kwa nani, wanaandika. Walipita mchana. Mchana nyumbani kuna nani? Wake. Waume wako mpakani, wako sokoni, wako kwenye malori. Kijana anamuuliza mke wa watu, shamba hili la nani? Shamba ni la baba mkwe. Mwanamke anaangalia chini, anasema, "La wenyewe." Kijana anaacha pa jina patupu, anaondoka. Pia wapo waliobonyeza mashine mara mbili bila kujua, shamba moja likaingia mara mbili, moja lina jina na jingine halina. Jenista alipoona ramani imejaa mashamba yaliyolaliana, aliweka kanuni ya kuchora: eneo lenye jina lichorwe, lisilo na jina liachwe. Kanuni ilikuwa nzuri kwa takataka zile. Hakufikiria kwamba na wale wake waliokaa kimya wanaingia humohumo.

Shamba letu hakumwachia kijana. Alikuja mwenyewe, Agosti 2012, amevaa gambuti, mimi natangulia kumwonyesha kona. Tulilizunguka lote. Tukafika makaburini. Enzi hizo yalikuwa ya udongo, yamezungushiwa mawe, na msalaba wa mti kwenye la mzee tu. Akayapita yote tisa akiinama na kile kimashine, anaingiza.

Alipomaliza akasimama na karatasi yake. Nikamwona kalamu imefika mahali haisogei.

"Nini?" nikamuuliza.

"Pa jina, mama."

"Enhee."

"Napaacha. Lusajo akirudi atajaza yeye."

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake. Najua kuandika, nilimaliza darasa la nne enzi ambazo darasa la nne lilikuwa na mwandiko. Kalamu ile ningeweza kuishika, nikaandika maneno mawili, tukarudi nyumbani kunywa chai. Sikuombwa. Na mimi si mtu wa kunyang'anya watu kalamu. Halafu, niseme tu, nilifurahi. Nilimtazama pale na gambuti zake zenye matope, nikasema moyoni, hapa nimepata mkwe.

Lusajo wakati huo alikuwa na lori la shaba njia ya Lubumbashi. Alikwama kwenye foleni ya Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo, wiki tatu. Katika wiki hizo tatu mafuta ya jenereta yakaja, na yule mtaalamu wa Dar akasema picha zipikwe sasa hivi, wafadhili wanataka kuiona ramani kabla mwezi haujaisha. Jenista alimwambia kuna sehemu hazijajazwa majina. Akaambiwa zitaingia awamu ya pili. Kompyuta zikapika siku tisa. Wakati ule umeme ulikuwa wa mgao, jenereta inanguruma mpaka majirani wakagomba. Siku ya kumi picha zikapandishwa kwenye seva, pakapikwa pilau, wageni wakaja, wakasogeza ramani ukutani watu wakapiga makofi.

Lusajo alirudi Oktoba. Akaketi kwenye kompyuta ya mkewe akaandika jina la baba yake kwa kidole kimoja. Jina likaingia mahali pake ndani ya kumbukumbu. Lakini picha zilikuwa zimeshapikwa.

Novemba Jenista akanirudia nyumbani uso umemshuka. Nilikuwa napepeta maharage.

"Mama, kwetu hapaonekani."

"Wapi hapaonekani?"

"Kwenye ramani. Barabara ipo, reli ipo, kwa jirani papo mpaka banda la ng'ombe. Kwetu peupe. Ukiangalia utadhani ni uwanja wa mpira. Makaburi hayapo, nyumba ya shamba haipo. Ile kanuni yangu imetuacha." Akaketi. "Na si sisi peke yetu. Nimehesabu thelathini na tisa, Tunduma, Mpemba mpaka Isongole. Nimepiga simu kwa wenyewe mmoja mmoja. Wote ni mke aliulizwa mchana."

"Si unasema Lusajo ameandika?"

"Ameandika. Ndani ipo. Juu haipo. Watu wanaona juu."

"Basi pika tena."

"Seva iko Dar. Mwenye pasiwedi ni bosi. Nimemwandikia, anasema awamu ya pili."

Nikamwambia jambo ambalo sasa nalikumbuka kila siku. Nikamwambia, "Mambo ya kwenye kioo yanatuhusu nini? Mzee yuko palepale. Atakayetaka kumwona aje kwa miguu."

Awamu ya pili haikuja. Mwaka 2013 wafadhili walimaliza muda wao, bosi akapata kazi nchi nyingine akaondoka na pasiwedi yake kichwani, jenereta ikachukuliwa. Ramani ikabaki hewani inapakuliwa, na ofisi zote za huku zikawa zinaitumia, maana ni bure na inafunguka haraka. Jenista akapata kibarua cha mkataba kwenye ofisi moja ya mipango, anawafungulia wakubwa ileile ramani aliyoichora. Kila akipata nafasi aliandika barua juu ya yale maeneo thelathini na tisa. Nimeziona nakala. Ziko saba. Hazikujibiwa.

Na mwaka huohuo wa 2013 mimi nikasema makaburi yetu yajengwe. Nilichoka kuona ya majirani yana saruji na ya mume wangu yana mawe ya kuokota. Lusajo alileta saruji, fundi akajenga yote tisa, akayapaka chokaa, akaandika majina na miaka kwa rangi nyeusi. Yalipendeza. Ukipita kwenye basi la Mbeya ulikuwa unayaona. Jenista alisema, "Mama, tungengoja kidogo mpaka ile picha irekebishwe." Nikamuuliza kama siku hizi wafu wanangoja kompyuta.

Mei 2014 karatasi ikabandikwa ofisi ya kata. Patajengwa uwanja wa malori, kupunguza foleni ya mpakani. Mahali: kati ya barabara kuu na reli, Mpemba, eneo lisilo na makazi wala maendelezo. Chini yake wakabandika ramani. Niliijua kabla ya kuvaa miwani. Peupe, na barabara inapita pembeni.

Tukaitwa kwenye kikao cha malalamiko, ukumbini. Mwenyekiti wa kikao alikuwa mgeni, Bwana Makame, mpimaji kutoka makao makuu, mtu mzima, ana lafudhi ya pwani na adabu zake. Hakuwa mtu mbaya. Alianza kwa kutupa pole. Kisha akafungua laptopu yake, akairusha ukutani.

"Mama Lusajo, shikamoo. Nionyeshe shamba lako hapa."

"Marahaba. Hapo peupe."

"Hapo sioni kitu, mama."

"Njoo nikupeleke. Utaona makaburi tisa."

"Nimekwenda jana," akasema. "Nimeyaona. Saruji mbichi, chokaa haijapauka. Mama, mimi nimefanya kazi hii miaka ishirini. Kila panapotangazwa mradi, makaburi huota. Nimeshakuta kaburi limezikwa mgomba." Watu wakacheka ukumbini. "Ramani ya 2012 haina kaburi hata moja. Makaburi ni ya 2013. Nifanyeje mimi?"

Jenista akanyanyua mkono. Alikuwa upande wa wafanyakazi wa ofisi, ikabidi avuke katikati ya ukumbi.

"Mheshimiwa, hiyo picha ilipikwa Septemba 2012 na haijapikwa tena. Eneo limo kwenye kumbukumbu. Picha unayoiona ni ya zamani kuliko kumbukumbu."

"Wewe ni nani kwenye shauri hili?"

"Ni mchoraji wa hiyo ramani."

"Na kwa Mama Lusajo?"

"Ni mkwe."

Ukumbi ukafanya "Aaah!" kama kwenye mpira. Kijana mmoja nyuma, wa kubadilisha fedha mpakani, akapaza sauti, "Refa ni shemeji!" Wakacheka tena.

Bwana Makame akaahirisha siku tatu, ili amsikilize Jenista vizuri. Kwa siku mbili Jenista alikaa kwenye kompyuta yake ya nyumbani. Alipika vile vipande vya kwetu tu, kumi na sita. Alisema kwa uchache ule ni kazi ya muda mfupi, ila alivirudia mara nyingi apate rangi zilezile na maandishi yaleyale, asije mtu kusema si ya ramani ile. Kwenye seva hakuweza kuviweka. Akavichapisha, akaviunganisha kwa gundi juu ya ubao. Shamba letu likawa pale, na vimisalaba tisa vidogo, na chini jina lilelile aliloliandika Lusajo. Nilipouona ule ubao nilidhani tumepona.

Bwana Makame aliutazama muda mrefu. Akasema, "Kazi safi. Lakini hii umechora wewe nyumbani. Ile ya kwenye intaneti ndiyo iliyothibitishwa."

"Na ile nilichora mimi, mheshimiwa."

"Ndiyo tatizo." Akageuza kompyuta yake. "Nimeagiza kumbukumbu zenu. Jina la eneo hili limeingizwa Oktoba 2012, baada ya ramani kutolewa. Kwa nini siku ulipopima mwenyewe, Agosti, hukuandika jina? Maeneo mengine yote uliyopima wewe yana majina. Hili moja, la mkweo, likawa tupu, halafu likajazwa kimyakimya. Nieleze."

Akaeleza. Alisema kwamba kwa desturi ya ukoo alioolewa hawezi kulitaja. Waliokaa mbele wengi ni watu wa mikoa mingine, wafanyabiashara na watu wa malori. Mambo ya Kindali wameyajulia wapi? Walianza kuguna. Mmoja akasema, "Msomi mzima!" Mwingine akasema, "Dada, hiyo ni hadithi ya uongo."

Bwana Makame akainua mkono wakanyamaza. Akamwambia Jenista kwa upole, kwa jina la mtoto wake, na upole wake huo ndio uliotumaliza, "Mama Tumpe, nataka kukusaidia. Mchoraji anaruhusiwa kusahihisha ramani yake mbele ya kikao. Sema hapa, kwa kinywa chako, liandikwe kwenye muhtasari: eneo hili ni la fulani bin fulani, nililipima mimi siku fulani, makaburi yalikuwapo. Sentensi moja. Nitasimamisha mradi mpaka picha zipikwe upya."

Jenista akafungua mdomo. Kisha akanigeukia mimi.

Nimekuwa na mwaka mzima wa kulifikiria lile jicho. Halikuwa la kuomba ruhusa kama mtoto. Lilikuwa la mtu anayesema, mama, wewe ndiye mwenye kunifungua na mwiko huu. Mimi tu ningeweza kumfungulia. Kuitikia kwa kichwa kungetosha. Nilikuwa nimewasikia wale watu wakimcheka, wakiicheka na desturi yetu, na shingo yangu ikakakamaa. Nikasema moyoni, hawatamfanya mkwe wangu amvue nguo mume wangu mbele ya wabadilisha fedha. Nikasimama. Nikataja mimi, kwa sauti ileile ya Novemba: "Asangalwisye Kibona! Amelala pale tangu 1996!"

"Kaa, mama," akasema Bwana Makame. "Wewe ni mdai. Nimemuuliza yeye."

Nikakaa. Jenista akaangalia chini. Akasema, "Ni la wenyewe, mheshimiwa."

Ndiyo jibu lililoingia kwenye muhtasari.

Greda lilikuja Septemba, siku ya Alhamisi. Tulikuwa tumesimama barabarani, mimi, Lusajo, Jenista. Kwa sababu walishaamua makaburi ni ya bandia, hawakutoa siku za kuhamisha. Greda lilikokota la kwanza, la pili na la tatu, saruji ikapasuka kama sahani. Kwenye la nne, ambalo ni la mama mkwe wangu, dereva akazima mashine. Akashuka. Akaangalia alichokiona, akavua kofia, akaja mpaka barabarani kutuambia, "Jamani, humu mna mtu." Alikuwa kijana wa Mbozi, analia.

Lusajo akamwambia, "Wamo tisa."

Wakasimamisha kazi siku hiyo. Kesho yake wakaleta vibarua wakachimba kwa majembe. Walitukabidhi watu wetu kwenye mifuko ya mbolea. La mume wangu na ya wale wanangu wawili yalikuwa ndiyo yaliyopita chini ya greda mwanzo, na mifupa ilichanganyika, hakuna aliyeweza kutuambia huyu ni nani. Tuliwazika shimo moja kwenye makaburi ya kata, upande wa chini ambako maji hutuama. Hakuna kikao kilichoitwa tena. Nilimsubiri Bwana Makame aje aseme neno, maana alikuwa mtu wa adabu. Nasikia alihamishiwa kanda nyingine kabla ya mvua.

Mkataba wa Jenista haukuongezwa. Barua haikusema alighushi, ilisema "mgongano wa maslahi," lakini mtaani walitafsiri wanavyotaka. Novemba ile hakusoma majina kanisani. Mchungaji alimwomba, akakataa. Mimi nilikaa kwenye benchi langu, akasoma mtu mwingine, akayasoma yote moja kwa moja bila kusimama, na la mume wangu likapita kama la mtu yeyote.

Sisi wawili hatujaulizana juu ya siku ile ya ukumbini. Tunalima pamoja shamba la kukodi kule bondeni. Ananiita mama. Ananipikia. Kuna siku namwona ameshika jembe ameganda, nami najua yuko ukumbini, ninajua kabisa, nami nainama naendelea kulima.

Uwanja wa malori sasa unafanya kazi. Tumpe, mjukuu wangu, alinifungulia ramani kwenye simu yake. Mahali pale bado ni peupe. Malori mia mbili yamesimama juu yake na picha haijui.

Mwaka huu, mwezi wa nne, alikuja nyumbani binti mmoja, Elina, anatokea chuo. Ndiye aliyepewa meza ya Jenista pale ofisini. Alikuja na soda mbili na daftari, amevaa viatu vya kisigino kwenye tope letu. Ameolewa mwaka jana, Isongole kwetu kulekule. Alisalimia akapiga goti.

"Dada Jenista, nimekuta faili lenye jina lako. Wameniambia niulize kwako, hakuna mwingine anayelielewa."

Jenista hakumkaribisha ndani. Aliendelea kupukuchua mahindi. "Lina barua saba?"

"Lina saba. Na orodha ya maeneo thelathini na tisa."

"Andika thelathini na nane."

Elina akaandika.

"Nani anayo pasiwedi ya seva?"

"Hakuna, dada. Na kompyuta nimepewa, ila imo kwenye boksi. Wanasema umeme wa chumba kile una hitilafu."

"Wakubwa wanasemaje juu ya kupika upya?"

"Wanasema ile iliyopo inafunguka vizuri, shida iko wapi?"

Jenista akatikisa kichwa taratibu kama mtu aliyesikia habari ya msiba anaoujua tayari. Nikadhani atamwambia binti wa watu arudi mjini, aache. Mimi ningemwambia hivyo. Akasukuma beseni la mahindi pembeni, akafuta mikono kwenye kitenge.

"Sikiliza. Kupika hutapika, labda usipike kamwe. Lakini majina unaweza kuyapata kwa miguu. Usiende mchana wa siku za kazi. Nenda Jumapili watu wakitoka kanisani, au Jumamosi mazishini, ambapo mabinti wa kuzaliwa pale wamerudi kwao. Mke usimuulize. Ukimuuliza mke na akaangalia chini, usiondoke. Kaa. Muulize ni nani ndani ya nyumba hii anayeruhusiwa kusema, ukamwite huyo, aje asimame mbele yako, aseme. Uandike na siku aliyosema."

"Wote thelathini na nane?"

"Wote. Na ikitokea siku wakikuletea umeme na hiyo pasiwedi, kila kipande utakachopika ukiandike tarehe pembeni, kwa herufi mtu mzima azione bila miwani. Mtu ajue anakula cha lini."

Elina alikuwa anaandika haraka. Akanyanyua uso. "Dada, na kama hapo pa kuandika jina ni pa baba mkwe wangu mimi? Kuna mawili Isongole kwenye orodha yako, moja ni la kwetu."

Jenista hakunitazama. Mimi ndiye niliyetazama pembeni.

"Hilo ndilo uanze nalo," akasema. "Kesho, kabla ya yote. Panda basi la asubuhi."